Nani Atabeba Mifupa ya Waiopua

Kaka yangu Nakoa alipokuja na habari zake, bakuli la poi, uji mzito wa magimbi, lilikuwa limeshafunuliwa mezani, na hilo ndilo alilokuwa akilingojea. Kwetu bakuli la poi likiwa wazi hakuna kugombana. Huinui sauti, humsemi mtu vibaya, hata kununa hakuruhusiwi. Ukiwa na jambo lako zito unasubiri watu washibe, bakuli lifunikwe, ndipo mtoane macho mkipenda. Kaka yangu anaujua mwiko huo tangu hajaota meno. Akachovya vidole viwili, akala, akamsifu Mama kwamba magimbi ya safari hii yamechacha vizuri, kisha akasema, kama mtu anayeomba asogezewe chumvi, kwamba ameshatia saini. Mifupa ya Waiopua itahamishwa.

Mama alikuwa anachambua miiba ya samaki na hakuinua uso.

Waiopua ni tuta la mchanga lililo chini ya nyumba yetu, upande wa bahari. Humo wamelala wazee wa mama yangu, wangapi hatujui, kwa sababu waliowazika walizika wakanyamaza. Hakuna misalaba wala majina. Tulipokuwa wadogo tulikatazwa kukimbia juu yake, na ukipita na chakula ulikuwa unaacha kidogo. Basi ikaja kampuni kutoka bara, ng'ambo ya bahari, ikanunua ardhi yote iliyolizunguka tuta, ikachora hoteli. Pale penye tuta wakachora bwawa la kuogelea. Naomba mnielewe. Kutoka pale hadi kwenye mawimbi ni hatua hamsini. Mtu ana bahari nzima mbele ya macho yake, lakini anataka babu yangu aondolewe mahali alipolala ili yeye aogelee kwenye maji yaliyotiwa dawa.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinawazuia. Mifupa haiondolewi mpaka ukoo ukubali, na ukoo, kwa mujibu wa fomu ya baraza la makaburi, ni mzao wa damu wa waliozikwa. Miaka kumi iliyopita Mama alipopooza mguu alikwenda kwenye baraza hilo akaandikisha kwamba sauti ya ukoo amempa mtoto wake wa kwanza. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye msemaji, mimi niliyezaliwa nyuma nakaa nyuma. Kwa hiyo saini ya Nakoa ilikuwa saini yetu sote.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo kijijini kwetu kila mtu analijua na hakuna anayelisema. Nakoa ni kifungua mimba ambaye hakufungua mimba ya mtu pale nyumbani. Mama alikaa kwenye ndoa miaka sita bila mtoto. Binamu wa baba yangu, huko mji wa Hilo, kisiwa kingine, alikuwa nao watano, na alipomzaa wa sita alipanda naye ndege akiwa na wiki tatu, akaja akamweka Mama mapajani, akatamka maneno ambayo watu wetu hutamka: chukua, huyu ni wako, na utumbo wake na mavi yake. Ukishatamkiwa hivyo, imekwisha. Mtoto wa namna hiyo tunamwita hanai, na harudishwi, wala haulizwi habari za alikotoka. Miaka tisa baadaye, Mama alipokuwa amekwisha kata tamaa, nikatokea mimi. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mimi mwenyewe nusu ya malezi yangu ni ya Nakoa. Alinifundisha kuogelea kwa kunitupa majini.

Pale mezani alitoa sababu zake taratibu, akijua siwezi kumjibu. Alisema bahari inakula ufuo. Alisema mwaka jana, msimu wa mawimbi makubwa, tuta lilimeguka akamkuta mbwa wa watalii anakimbia na taya mdomoni. Akasema huko juu, nyuma ya kanisa, kampuni itatoa eneo, na bahari haitafika kule hata miaka mia. Hakusema kwamba kampuni hiyo hiyo ilikuwa imempa kazi ya usimamizi wa ujenzi. Hilo nililijua kwa shangazi wa dukani.

Nilinyoosha mkono nichukue kifuniko cha bakuli. Mama akaweka kiganja chake juu ya kifuniko.

"Bado nakula," alisema.

Mama hula kama ndege. Siku ile alikula saa nzima, kidole kimoja kimoja, huku mimi nimefura na Nakoa anasimulia habari za mvua. Alikula mpaka Nakoa akaaga. Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anamlinda, na hasira yangu ikapata mtu wa pili wa kumkalia.

Nilimfuata Nakoa nje kwenye gari. Uani hapakuwa na bakuli.

"Umewatoa wazee kwa ajili ya kofia ya plastiki," nikamwambia. "Ya rangi gani wamekupa? Nyeupe? Ya bosi?"

"Moani, punguza sauti."

"Naipunguza kazini. Nashinda barabarani na kibao cha kuongoza magari, nawasimamisha watalii, nawapitisha, wananipiga picha na mimi nawachekea. Hapa ni kwetu, nitapiga kelele nitakavyo."

"Wewe unalinda mchanga," akasema. "Mimi ndiye niliyemkimbiza mbwa. Unajua ilivyo kumnyang'anya mbwa taya ya bibi yako?"

"Bibi yangu," nikasema. "Sema vizuri. Bibi yangu mimi."

Mkono wake ukabaki kwenye kitasa cha mlango. Kwa miaka thelathini na minne ya maisha yangu, katika ugomvi wetu wote, hata ule wa siku aliyouza ubao wangu wa mawimbi bila kuniuliza, sikuwahi kumgusa hapo. Nilitaka aniangushie kofi. Alisema tu, "Sawa," akawasha gari akaenda zake.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi neno lile nililiona limekata, nikalipeleka kunolewa. Jumatatu nilikwenda ofisi ya baraza, nikaomba fomu ya pingamizi. Dada wa mapokezi aliniuliza sababu, na pale penye mstari wa sababu nikaandika: aliyetia saini si mzao wa damu. Yule dada aliisoma, akanitazama, akaisoma tena. Naye ni wa huku huku. Aliuliza kama nataka kwenda nyumbani kwanza nikafikirie. Nikamwambia apige muhuri.

Sikumwambia Mama. Alijua barua ya wito ilipofika, akaikunja akaiweka ndani ya Biblia, na wiki mbili nzima tukawa tunazungumza habari za nguo na dawa.

Kikao kilifanyika kwenye bwalo la shule, mahali panaponuka maziwa ya watoto hata wakati wa likizo. Wajumbe tisa walikaa mbele. Wakili wa kampuni alivaa shati la maua jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana mgongoni. Watu wa kijiji walijaa, maana mambo kama haya hayapiti hivi hivi. Nakoa alikaa safu ya mbele na Mama, amemshikia fimbo yake.

Nilipoitwa nilisimama nikasema yote, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na malori. Nikasema Nakoa si wa damu ya mama yangu. Nikasema aliletwa kutoka Hilo akiwa na wiki tatu. Nikasema hana kauli juu ya mifupa ya Waiopua kwa sababu si mifupa yake, na kwa mifupa ile yeye ni mgeni kama mgeni mwingine yeyote.

Watu waliinama wakatazama ndala zao. Nyuma yangu mama mmoja wa kwaya akasema kwa sauti ya chini, "Aibu." Nikageuka nimuulize aibu ya nani, mwenyekiti akaniomba nikae.

Alimwita Mama. Mama alikataa kuletewa kiti, akasimama na fimbo yake, akaweka mkono juu ya Biblia yake mwenyewe, ile yenye barua ya wito ndani.

"Mama Lahapa," mwenyekiti akasema, "huyu Nakoa nani alimzaa?"

"Mimi."

"Binti yako anasema alizaliwa Hilo, na mwanamke mwingine."

"Binti yangu wakati huo hata mimba yake haijatungwa," Mama akasema. "Amejuaje?"

Watu wakacheka. Walicheka kwa kushusha pumzi, kama watu waliookolewa. Mwenyekiti alikuwa na haki ya kuomba cheti cha kuzaliwa na hakukiomba. Baba yake mwenyekiti ndiye aliyekwenda kuwapokea uwanja wa ndege siku ile Nakoa alipoletwa, hadithi hiyo mwenyekiti mwenyewe amenisimulia zaidi ya mara moja. Alimshukuru Mama, akaandika, wakapiga kura. Pingamizi likatupwa. Wakili akakusanya makaratasi yake haraka, asije mtu akabadili mawazo.

Mama yangu, shemasi wa kanisa, aliyenichapa kwa kusema nimepiga mswaki kumbe sijapiga, alikuwa ameapa uongo mbele ya kijiji kizima. Na kijiji kizima kilikuwa kimeitikia amina.

Nyumbani nilimngoja avue viatu.

"Wale ni wazee wako," nikamwambia. "Si wa mtu mwingine. Ungesema kweli, neno moja tu, wangebaki."

"Najua."

"Sasa kwa nini, Mama?"

Alikaa kitandani akausugua ule mguu wake mbovu. Aliniambia nisogee karibu kwa sababu hatarudia.

"Yule mtoto alishatolewa mara moja," akasema. "Aliletwa kwangu analia, akalia siku nne, hanyonyi chupa. Siku ya tano akanishika kidole akanyamaza. Kumtoa mara ya pili, tena mbele za watu, simruhusu mtu. Sikuruhusu wewe. Hata wao waliolala kule siwaruhusu, na nimekwenda nikawaambia hivyo hivyo."

"Na uongo?"

"Uongo ni wangu, wewe una nini nao? Wewe una wako wa kubeba."

Sikuongea naye wiki tatu. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilimkasirikia Nakoa kwa saini, Mama kwa kiapo, mwenyekiti kwa unafiki, hata wale watalii kwenye magari yao mekundu yasiyo na paa waliokuwa wananipungia mkono. Zaidi ya wote niliikasirikia fomu. Nani aliyeweka kisanduku cha damu pale? Watu wetu hawakuwahi kupimana damu. Waliotuletea hiyo ni wale wale waliotuandika kwenye vitabu vyao nusu na robo, kama maziwa yaliyotiwa maji, ili waamue nani apewe kiwanja na nani asipewe. Nimewatukana watu hao tangu nikiwa shuleni. Nimebeba mabango. Kisha nilipopata hasira zangu ndogo za nyumbani, mizani yao ndiyo niliyoikimbilia, nikampandisha kaka yangu juu yake watu wote wakiona.

Nilijua hivyo na bado sikwenda kumwomba radhi. Kujua ni kitu kimoja. Bwawa la kuogelea lilikuwa bado liko kwenye mchoro, na saini iliyo chini ya mchoro ilikuwa bado ni yake.

Siku ya kuwatoa ilikuwa Alhamisi, asubuhi, jua halijapanda. Mashine zilizimwa. Wataalamu wawili walikuwa wameshapangusa mchanga kwa brashi, wakarudi nyuma ya kamba. Wakahesabu kumi na tisa. Kuanzia hapo kazi ni ya ukoo, mikono ya mgeni haigusi. Zamani ukoo ungejaa ufuo mzima, lakini sasa nusu yao wako Las Vegas, wamefukuzwa na bei za nyumba, na walituma salamu. Tulikuwa watatu, mmoja hawezi kutembea bila fimbo.

Nakoa alikuja bila kofia ya kazi, amevaa shati jeupe la kanisani. Alishusha garini vikapu kumi na tisa vya majani ya mkadi, vipya, na vitambaa vyeupe vya kufungia. Alivisuka yeye. Nilijua kwa vidole vyake, vimechanwachanwa na miiba ya majani. Alivipanga ukingoni mwa shimo kwa mstari, kikapu na kitambaa, kikapu na kitambaa. Kisha akavuka kamba, akaenda akasimama na wafanyakazi wa kampuni.

Nilidhani amekwenda kuacha saa yake. Nikangoja. Hakuja.

"Twende," nikasema.

"Mimi si wa damu," akanijibu, kwa upole kabisa. "Wewe ndiye uliyesoma sheria, ukaisoma vizuri. Mgeni haruhusiwi kugusa."

Mama alikuwa amekaa chini ya turubai na kitabu cha sala. Nikamtazama aseme neno. Akafungua kitabu.

Haya, nikasema moyoni. Nitawabeba mimi. Nilikuwa ninawataka, nimewapata. Nikashuka shimoni peke yangu.

Wa kwanza alikuwa mwepesi, wepesi ulionitisha. Nilimfunga nikamweka kikapuni, nikapanda naye hadi nyuma ya kanisa, hatua mia tatu kwa hesabu yangu, nikashuka tena. Wa nne alikuwa mtoto, na kiganja changu kilitosha kubeba kichwa chake. Nilimwambia samahani. Kwa wa sita nilisimama njiani mara mbili kupumzika. Sikulia, maana Nakoa alikuwa anatazama. Mama alikuwa anasoma zaburi moja, akimaliza anairudia.

Wa tisa alikuwa mzee mkubwa. Alizikwa amekunja magoti kifuani, mgongo kwa bahari, na mchanga uliomshikilia ulikuwa umeanza kuporomoka kwa sababu ya kupanda na kushuka kwangu. Nikashika kichwa, magoti yakateleza. Nikashika magoti, nikaona kichwa kinalalia upande. Mchanga ukawa unashuka taratibu chini ya mbavu zake. Mzee yule alihitaji mikono minne na mimi nilikuwa na miwili. Nilipiga magoti nikamzuia kwa kifua changu, nikabaki hivyo hivyo, siwezi kumwinua wala kumwachia.

"Nakoa," nikaita. "Njoo."

"Unamwita nani?" akauliza. "Msimamizi wa kampuni?"

"Kaka. Njoo, kaka."

"Sijasikia."

Nilimtukana. Nilimtukana tusi ambalo halipaswi kusemwa mbele ya wafu, na Mama akakatisha zaburi. Nakoa hakusogea. Alikuwa amekunja mikono.

"Ukumbini ulikuwa na sauti," akasema. "Sema kwa sauti ile ile. Wapo watu wale wale."

Ni kweli walikuwepo. Mwenyekiti alikuwepo, wakili alikuwepo na shati lake, yule dada wa mapokezi na mama wa kwaya walikuwepo juu kwenye nyasi na maua yao. Mchanga uliendelea kushuka. Nilisikia pumzi yangu kwenye mfupa wa paji la uso wa yule mzee.

"Huyu ni kaka yangu!" nikapiga kelele, na nadhani hata barabarani walisikia. "Mama yangu ndiye mama yake! Nilichosema bwaloni nilikisema kwa ubaya wangu! Njoo, kaka, babu yetu anaanguka!"

Alipita chini ya kamba, akavua viatu, akashuka. Hakunitazama. Aliingiza mikono chini ya magoti na kiuno, mimi nikashika kichwa na mabega, tukahesabu mpaka tatu kama tulivyokuwa tukihesabu wakati wa kuinua mtumbwi. Mzee akainuka mzima. Tulimfunga, tukampandisha hatua mia tatu, tukamshusha kwenye mawe aliyoandaliwa.

Tukiwa tunateremka, mikono mitupu, jua limeshatoka, nikaona mashine zao za njano zimepangwa zinangoja.

"Sijakusamehe," nikamwambia.

"Wala mimi," akasema.

Tukashuka shimoni kumchukua wa kumi.